Spirits of St. Louis: msimu wa mwisho, 1975–76

Spirits of St. Louis ilikuwa timu ya kulipwa ya mpira wa kikapu yenye makao yake katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani. Iliishi misimu miwili tu, 1974–75 na 1975–76, katika ligi iliyoitwa American Basketball Association, kwa kifupi ABA, ambayo nayo ilitoweka mwaka 1976. Katika msimu wake wa pili, ndio unaoelezwa hapa, ilishinda mechi 35, ikapoteza 49, ikakosa kuingia hatua ya mtoano, kisha ikavunjwa kabla msimu mwingine haujaanza. Kwa kipimo cha uwanjani ni msimu wa kusahaulika. Lakini hausahauliki, kwa sababu wamiliki wa timu hiyo walitoka katika ligi iliyokufa wakiwa na mkataba uliowaingizia mamia ya mamilioni ya dola kutoka ligi nyingine ambayo timu yao haikucheza hata mechi moja.

Ligi ya mpira wa rangi tatu

ABA ilianzishwa mwaka 1967 ili kushindana na ligi kongwe ya NBA. Mpira wake ulikuwa wa rangi nyekundu, nyeupe na buluu, nao ndio uliokuwa alama yake. Ligi hiyo ndiyo iliyoupa umaarufu mtupo wa mbali unaohesabiwa pointi tatu, kanuni ambayo NBA iliikubali mwaka 1979, miaka mitatu baada ya mpinzani wake kufutika. Mchezo wake ulikuwa wa kasi, wa kuruka na wa madaha. Wachezaji kama Julius Erving wa New York Nets walipaa angani na kuushindilia mpira kikapuni kwa namna ambayo watazamaji wa NBA hawakuwa wameizoea.

Udhaifu wa ABA ulikuwa mmoja, nao ulikuwa mkubwa: haikuonekana. Katika miaka yake ya mwisho haikuwa na mkataba wa maana na kituo cha televisheni cha taifa zima. Mengi ya mambo yaliyosifiwa baadaye yalishuhudiwa na waliokuwa wamenunua tiketi usiku huo, na sifa zake zilienea kwa masimulizi na kwa redio. Ni jambo la kuzingatia katika hadithi hii, maana mwisho wake unahusu thamani ya picha za televisheni, na waliopata faida kubwa kuliko wote ni watu wa timu ambayo Wamarekani wachache sana walipata kuiona kwenye kioo.

Asili ya timu

Spirits haikuzaliwa St. Louis. Ilianza mwaka 1967 ikiwa Houston Mavericks huko Texas, ikahamia jimbo la North Carolina mwaka 1969 na kuitwa Carolina Cougars, kisha mwaka 1974 ikanunuliwa na ndugu wawili, Ozzie na Daniel Silna, waliokuwa na biashara ya nguo. Wao ndio walioipeleka St. Louis. Mji huo ulikuwa mtupu kwa upande wa kikapu cha kulipwa tangu timu ya Hawks, mabingwa wa NBA wa mwaka 1958, ilipouhama kwenda Atlanta mwaka 1968. Jina jipya lilitokana na ndege ambayo Charles Lindbergh aliirusha peke yake kutoka New York hadi Paris mwaka 1927, safari iliyogharamiwa na wafanyabiashara wa St. Louis.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa mashaka, ukaisha kwa kishindo. Spirits ilishinda mechi 32 na kupoteza 52. Ilikutana na New York Nets, mabingwa watetezi, mara 11 katika mechi za kawaida na ikafungwa zote 11. Katika mtoano ikapangwa na Nets hao hao, ikawatoa kwa mechi nne dhidi ya moja. Mechi ya kwanza walishinda Nets; zilizofuata zilikuwa za Spirits, na ya mwisho iliamuliwa na mtupo wa mkongwe Freddie Lewis sekunde chache kabla ya kipenga. Raundi iliyofuata Kentucky Colonels iliwazima, nayo ikaendelea hadi kutwaa ubingwa. St. Louis ikaamini kwamba mwaka unaofuata utakuwa wake.

Ligi inapungua, kikosi kinanenepa

Msimu wa 1975–76 ulipangwa uwe wa timu kumi. Baltimore Claws ilivunjika kabla ya mechi ya kwanza ya ligi. San Diego Sails ilicheza mechi 11, ikafunga milango mwezi Novemba. Mwanzoni mwa Desemba ikafuata Utah Stars, mabingwa wa mwaka 1971, baada ya mechi 16. Zikabaki timu saba. Makundi mawili, la mashariki na la magharibi, yakaunganishwa kuwa msimamo mmoja, na timu zilizosalia zikalazimika kukutana tena na tena, zaidi ya mara kumi kila moja na mwenzake, mpaka wachezaji wakajuana kama watu wa mtaa mmoja.

Msiba wa Utah ulikuwa neema kwa Spirits. Ndugu Silna walinunua wachezaji bora wa timu hiyo, akiwemo Moses Malone, kijana aliyetoka moja kwa moja shule ya sekondari huko Petersburg, Virginia, mwaka 1974, akaruka chuo kikuu na kuingia katika mchezo wa kulipwa akiwa na miaka 19. Siku hizo jambo hilo lilionekana kama wazimu. Malone alikuwa ameumia mguu na alicheza mechi 43 tu msimu huo, lakini katika hizo alipata wastani wa pointi 14 na zaidi. Pamoja naye alikuja Ron Boone, mlinzi ambaye hakujua kukosa kazini: mpaka alipostaafu alikuwa amecheza mechi 1,041 mfululizo katika ligi hizo mbili bila kukosa hata moja.

Ukiyasoma leo majina yaliyopita katika kikosi hicho ndani ya msimu mmoja, ni vigumu kuelewa ilikuwaje kikapoteza mechi 49. Alikuwepo Marvin Barnes, mchezaji bora chipukizi wa ligi mwaka uliotangulia. Alikuwepo Maurice Lucas, mtu wa nguvu chini ya kikapu, mpaka Desemba alipopelekwa Kentucky kwa kubadilishana na Caldwell Jones. M. L. Carr alikuwa anaanza kazi. Don Chaney alikuwa amekwisha kuvaa pete za ubingwa za Boston. Kwenye benchi alikaa Mike D'Antoni, ambaye miaka thelathini baadaye angebadilisha namna NBA inavyoshambulia akiwa kocha wa Phoenix.

Sababu moja ni kwamba watu hawa hawakuwahi kukaa pamoja muda wa kutosha. Walikuja na kuondoka katikati ya msimu, wengine wakiuguza majeraha, wengine wakiwa hawana uhakika kama mshahara wa mwezi ujao utakuwepo. Kocha Rod Thorn aliachishwa kazi akiwa ameshinda mechi 20 na kupoteza 27. Joe Mullaney aliyempokea alishinda 15 na kupoteza 22. Tofauti kati yao haionekani kirahisi. Indiana Pacers, waliochukua nafasi ya tano na ya mwisho ya kuingia mtoano, walimaliza na ushindi wa mechi 39. Spirits ilikuwa nyuma yao kwa mechi nne. Chini yake ilikuwepo Virginia Squires peke yake, iliyoshinda mechi 15 na kupoteza 68.

Sababu nyingine inatajwa kwa jina la Barnes. Alikuwa na kipaji ambacho makocha wake walikiri hawakuwa na la kukiongezea: katika msimu wa kwanza alipata wastani wa pointi 24 na mipira 15 na zaidi iliyorudi kutoka kwenye ubao, kwa kila mechi. Lakini aliishi kwa saa zake mwenyewe. Wiki chache tu baada ya kuanza kazi mwaka 1974 aliitoroka timu kwa sababu ya mkataba, akaonekana baadaye Dayton, Ohio, akicheza biliadi. Hadithi inayosimuliwa zaidi ni ya safari ya kutoka Louisville. Alipoangalia ratiba akaona ndege inaondoka saa mbili na kufika St. Louis saa mbili kasoro dakika chache, kwa kuwa miji hiyo imo katika majira mawili tofauti, kama anavyojua yeyote aliyesafiri kutoka Goma kwenda Kinshasa. Barnes akakataa kupanda chombo kinachomrudisha mtu nyuma ya wakati, akakodi gari. Kisa hicho kimepita midomoni mwa watu kwa miaka hamsini na bila shaka kimenogeshwa. Katika msimu wa pili bado alifunga pointi 24 kwa mechi, ila mipira aliyoidaka kutoka kwenye ubao ilipungua hadi karibu 11.

Anayehusika zaidi na kudumu kwa visa vya namna hii ni mtangazaji wa redio wa timu hiyo, Bob Costas. Alipoajiriwa na kituo cha KMOX mwaka 1974 alikuwa na miaka 22. KMOX ilikuwa na nguvu ya wati 50,000, na usiku mawimbi yake yalivuka majimbo mengi ya katikati ya Marekani, hivyo timu iliyochezea ukumbi wenye viti vingi kuliko watu ilikuwa na wasikilizaji ambao hawakuwahi kuikanyaga Missouri. Costas alikuja kuwa mmoja wa watangazaji mashuhuri kabisa wa michezo nchini mwake. Ukumbi wenyewe, St. Louis Arena, ulibomolewa mwaka 1999.

Juni 1976

Ligi hizo mbili zilikuwa zimetamani kuungana kwa miaka mingi. Kilichozuia ni kesi iliyofunguliwa mwaka 1970 na wachezaji wa NBA wakiongozwa na Oscar Robertson, waliodai kwamba kuunganisha ligi kungeua ushindani wa kuwagombea wachezaji na hivyo kushusha mishahara yao. Kesi hiyo ilimalizwa kwa maafikiano mwanzoni mwa 1976, na njia ikafunguka. Mei, mara baada ya Nets ya Erving kuishinda Denver Nuggets katika fainali ya mwisho ya ABA, Virginia Squires ilikuwa imekwisha kufutwa. Zikabaki timu sita mezani.

Tarehe 17 Juni 1976 NBA ilikubali kuzipokea nne: New York Nets, Denver Nuggets, Indiana Pacers na San Antonio Spurs. Masharti yalikuwa magumu. Kila timu ililipa kiingilio cha dola milioni 3.2 na kunyimwa mgawo wa fedha za televisheni kwa misimu ya mwanzo. Nets ilitakiwa kuilipa pia New York Knicks dola milioni 4.8 kwa kuingia katika eneo lake, na ili kupata fedha hizo ikamuuza Erving kwa Philadelphia. Mabingwa waliingia ligi mpya wakiwa wamemwacha mlangoni mtu aliyewapa ubingwa.

Kentucky na St. Louis hazikuwa na nafasi, lakini hazikuweza kupuuzwa, kwa kuwa muungano ulihitaji ridhaa yao. John Y. Brown, mmiliki wa Kentucky Colonels, tajiri aliyejulikana kwa biashara ya kuku wa kukaanga na aliyekuja kuwa gavana wa jimbo lake, alichukua takriban dola milioni 3 taslimu. Kwa sehemu ya fedha hizo akanunua nusu ya timu nyingine, Buffalo Braves. Watu wengi wa biashara wa wakati ule wangefanya kama yeye.

Ndugu Silna walikuwa wamekusudia kuihamishia timu yao Salt Lake City msimu uliofuata. Walipoona hilo haliwezekani, wao na mwanasheria wao Donald Schupak waliomba kitu kingine. Walipokea dola milioni 2.2 kwa ajili ya wachezaji wao, na juu yake sehemu moja ya saba ya mapato ya televisheni ya kila moja ya zile timu nne, kwa muda wote ambao NBA au ligi itakayoirithi itaendelea kuwepo.

Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mkataba haukutaja miaka kumi wala hamsini. Hesabu yake ni rahisi: kama mgawo wa televisheni kwa kila timu ungekuwa dola milioni 7, ndugu hao wangepata milioni moja kutoka kila timu, jumla milioni 4, bila kumlipa mchezaji, kocha wala mlinzi wa mlango. Lakini mwaka 1976 milioni 7 zilikuwa ndoto. Televisheni haikuuthamini mchezo huo kiasi hicho. Hata mwaka 1980 mechi ya mwisho ya fainali ya NBA ilirushwa katika sehemu kubwa ya nchi usiku wa manane, ikiwa imerekodiwa. Waliosaini upande wa pili walidhani wametoa ahadi isiyo na gharama.

Baadaye walikuja Magic Johnson na Larry Bird, na mwaka 1984 timu ya Chicago Bulls ikamchagua Michael Jordan. Meneja aliyemchagua Jordan ni Rod Thorn, kocha yule yule ambaye akina Silna walimwachisha kazi katikati ya msimu wa 1975–76, na kwa uchaguzi huo akawatajirisha kuliko ambavyo angewatajirisha akibaki. Mkataba wa televisheni ulioanza mwaka 2002 ulikuwa wa dola bilioni 4.6 kwa miaka sita. NBA ilikwisha kujaribu kujinasua mapema: mwaka 1982 ilitoa dola milioni 5 ili kuununua mkataba, ikakataliwa.

Kwa wapenzi wa kikapu wa Afrika ya Kati hesabu hii ina sura ya karibu. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alichezea Denver Nuggets kuanzia 1991 hadi 1996, na picha yake akiwa amelala sakafuni ameukumbatia mpira mwaka 1994, baada ya Denver kuing'oa Seattle, ilizunguka dunia nzima. Katika misimu yote hiyo mitano, kila mgawo wa televisheni ulioingia Denver ulikatwa sehemu moja ya saba kwa ajili ya timu iliyokufa Mutombo akiwa na miaka kumi hivi.

Ulipofika wakati wa intaneti, ndugu hao walikwenda mahakamani kudai kwamba haki yao inahusu pia matangazo ya nje ya Marekani na ya mitandaoni, mambo ambayo hakuna aliyeyafikiria mwaka 1976. Mwezi Januari 2014 pande mbili zilifikia maafikiano: dola milioni 500 kwa mkupuo mmoja, na mgawo mdogo zaidi kuendelea baadaye. Kufikia hapo walikuwa wamekwisha kupokea takriban dola milioni 300.

Waliocheza

Wachezaji wa Spirits waligawanywa kwa timu za NBA Agosti 1976. Barnes alikwenda Detroit na hakuwahi tena kuwa yule wa St. Louis, dawa za kulevya na vifungo vilikula miaka yake mingi, akafariki dunia mwaka 2014. Maurice Lucas, aliyekuwa amemalizia msimu Kentucky, alitwaa ubingwa na Portland mwaka 1977. Carr alishinda mara mbili na Boston. Moses Malone aliteuliwa mchezaji bora wa NBA mara tatu, 1979, 1982 na 1983, na mara hiyo ya mwisho alikuwa bingwa pamoja na Philadelphia, akicheza bega kwa bega na Erving. Hao ni wale waliokuwa na mahali pa kwenda.

ABA ilikuwa na wachezaji wengi ambao hawakupata nafasi NBA, au waliipata kwa muda mfupi mno kiasi cha kutostahili pensheni yake. Baadhi walizeeka bila bima ya afya wala pango la nyumba, wakati fedha za televisheni za timu nne walizozijenga zikiendelea kwenda kwa wamiliki wa timu ambayo haikuwepo. Mwezi Julai 2022, miaka 46 baada ya muungano, NBA na chama cha wachezaji wake walitenga dola milioni 24.5 kwa wachezaji wa zamani wapatao 115, waliocheza misimu isiyopungua mitatu na ambao hawakuwa na pensheni. Aliyecheza misimu miwili tu, yaani uhai wote wa Spirits of St. Louis, hakuhesabiwa.